Ufuo wa Mzee Filimbi

Wahenga waliposema hakuna masika yasiyo na mbu, hawakuwa wakiwalalamikia wadudu. Walimaanisha kwamba kila neema huja na kero yake, na anayeikimbia kero huikimbia na neema yenyewe. Mshonaji mmoja wa mapazia alilielewa jambo hilo kabla ya ndugu zake.

Baba yake alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Filimbi. Presha ya macho ilipompofusha, alihamia kwenye kiti cha sebuleni. Kila alipojaribu kutembea aligonga goti kwenye stuli, akajikwaa kwenye viatu vya wajukuu, au akadakwa mkono na mpita njia mwenye huruma. Mwishowe akaacha kujaribu. Miguu iliyozoea kukimbia uwanja mzima ikakonda kama njiti. Binti yake aliona wazi kwamba mzee asipoinuka sasa, hatainuka tena.

Ndipo akaanza kupanga likizo ya baharini, na akachagua masika.

"Masika?" Kaka yake aliangua kicheko. "Dada, wenzako huenda baharini kuota jua. Wewe unampeleka mzee akaote uyoga!"

"Kiangazi ufuo umejaa viti, miavuli na watoto wanaocheza mpira," alijibu taratibu. "Masika hakuna mtu. Baba anahitaji mahali pasipo na kitu cha kumgonga."

"Haya, mama wa mipango. Mkirudi na mafua usinipigie simu."

Akazipigia simu nyumba za wageni, moja baada ya nyingine. Hakuuliza habari za vitanda wala chakula. Aliuliza kama mchanga una mawe, na kama maji yakipwa unakuwa mgumu au unadidimia. Wengine walimkatia simu wakidhani amerukwa na akili. Mama mmoja, mwenye nyumba ya wageni, alitoka akaenda kuukanyaga mwenyewe, akarudi akihema.

"Mwanangu, mchanga ni kama sakafu. Ila nisikufiche, mvua ipo, na mbu wapo."

"Basi tuwekee chumba, mama."

Walipofika, mvua ilimwagika kutwa kucha kana kwamba mbingu zimetoboka. Mbu nao hawakulaza damu. Waliwauma mpaka kwenye nyayo. Mzee alikaa kitandani, amenuna kama mtoto aliyenyimwa titi.

"Umenibadilishia kiti tu," alisema. "Nirudishe nyumbani, mwanangu."

Kaka naye akapiga simu. "Vipi, uyoga umeshaota?"

Mshonaji alicheka kidogo, kisha akaanza kujiuliza. Je, kama kaka alisema kweli?

Asubuhi moja mvua ikapungua, ikawa manyunyu, na maji yalikuwa yamekupwa. Hakungoja anga litakate. Alienda kwanza kuukagua mchanga kwa miguu yake, kisha akamwongoza baba hadi ufuoni na kumwachia mkono.

"Baba, bahari iko kwenye sikio lako la kulia. Iache hapo hapo. Ukisikia inakujia mbele, geuka. Hakuna kiti, hakuna jiwe, hakuna mtu."

"Na wewe je?"

"Mimi nabaki hapa. Sikushiki."

Mzee alipiga hatua moja, mikono imetangulia mbele kama anayepapasa ukuta. Akapiga ya pili. Akayumba. Binti alitaka kumkimbilia, akajiuma kidole akasimama. Taratibu mikono ya mzee ikashuka. Hatua zikarefuka. Mara akaanza kutimka, shati limemganda mgongoni, mvua ikimpiga usoni, naye akikimbia! Alikwenda mbali, akageuka mwenyewe, akaiweka bahari sikio la kushoto na kurudi mbio. Alipomsikia binti yake akilishangilia jina lake, akageuka akakimbia kinyumenyume, kama waamuzi wafanyavyo, kidole juu.

"Penalti!" alinguruma. "Miaka yote mashabiki walinitukana kipofu. Waje leo waone kipofu anavyokimbia!"

Mama mwenye nyumba alipiga makofi kibarazani. Mshonaji alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja simu yake ilipoita.

"Nani huyo anahema?" kaka aliuliza kwa hofu. "Baba anaumwa?"

Mzee, aliyekuwa amesharudi kando ya binti yake, akaichukua simu. "Nimetoka mbioni, bwana. Mlitaka nije wakati wa jua nikanyage watu?"

Kaka, kwa sauti ndogo, akauliza, "Baba... hapo kuna chumba kingine?"

"Waulize wenyewe. Mimi nina kazi." Mzee akarudisha simu, akajikuna shingo iliyotutumka kwa kuumwa, akaitafuta bahari kwa sikio la kulia na kuondoka tena peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Hakika, hakuna masika yasiyo na mbu.