Kwa Nini Fundi wa Paa Hashuki Upesi

Mnacheka mnapomwona fundi amemaliza kuezeka na bado amekalia mgongo wa paa, ngazi ipo, hashuki. Msicheke msichokijua.

Zamani sana nyasi za kuezekea ziliota zenyewe mpaka mlangoni. Paa likichakaa, mtu alitoka na mundu asubuhi, jioni akalala chini ya paa jipya. Hakuna aliyezipanda wala kuzilinda. Nani alinde kitu kinachomfuata nyumbani? Kila kiangazi wanaume wa kijiji cha Kwamlonge walichoma vilima kuwinda ndezi, wale panya wakubwa wa nyasini, na mvua ikinyesha nyasi zikarudi. Lakini kila mwaka zilirudi pungufu, kama mgeni aliyechoka kutukanwa, hadi zikabaki kwenye kilima kimoja tu.

Mwaka huo Namkunda, mke wa Sengoda, alikuwa na mimba pevu, na paa lao lilikuwa la misimu saba. Fundi Kilua, mzee aliyeliezeka, aliingia adhuhuri, akafunga mlango, akatazama juu. Matundu yaliwaka kama nyota.

"Mwanangu Sengoda, mkeo atazalia nje akiwa ndani. Kakate nyasi za kilima kile wiki hii."

"Baba, mbona mwaka jana lilituvumilia? Nitatia viraka."

Akatia kweli, nyasi mpya juu ya zilizooza, kazi ambayo ni sawa na kumvika maiti kanzu. Kisha akaenda kilimani kuwinda, akawasha moto, upepo ukageuka. Alirudi na ndezi wawili. Kilima chote kilikuwa majivu.

Mvua ikaja kabla ya wakati wake, na uchungu wa Namkunda ukaja nayo. Viraka vikanywa maji, vikawa vizito, fito zikaanza kulia. Mti mmoja wa paa ukavunjika juu ya kitanda. Wakunga wakamkinga Namkunda kwa ungo. Kumhamisha haikuwezekana, mtoto alikuwa ameshaanza njia. Sengoda akatoka nje mvuani, akasimama katikati ya nyumba za watu.

"Ndezi walikuwa watamu?" jirani mmoja alimuuliza, huku mwenyewe ameshapanda kwenye paa lake kunyofoa nyasi. Kila nyumba ikatoa tita moja. Siku ile kila nyumba ilivuja.

Kilua akapanda, akaunga mti uliovunjika, akaezeka juu ya kilio cha mwanamke. Alipofunga tita la mwisho, mtoto akalia chini yake. Sengoda akashika ngazi.

"Shuka, baba, uote moto."

"Sishuki."

"Paa si limekamilika?"

"Hili limekamilika. Lijalo liko wapi?"

Sengoda akageukia kilima cheusi.

"Nyasi hizi nimezivua vichwani mwa wenzio. Hili likioza, utamvua nani tena? Sishuki mpaka nilione paa lako la pili."

Mvua ilimpiga. Mkono mmoja ukateleza, akajishika tena. Na kila mtu alijua kuwa nyumba aliyofia fundi juu yake haikaliki. Sengoda akachukua jembe, akakimbilia kilimani, akafukua majivu hadi akapata mashina machache yenye mizizi hai. Akayapanda nyuma ya nyumba, akayachimbia mtaro kuyazunguka, moto usivuke. Ndipo Kilua akaweka mguu kwenye ngazi.

Na tangu siku hiyo nyasi za kuezekea hazimfuati mtu mlangoni. Huota pale zilipopandwa na kulindwa. Na tangu siku hiyo fundi hashuki mpaka aoneshwe paa lijalo. Hata nyie wa mabati mtaulizwa, na mtaonesha miti ya mbao mliyoipanda. Juzi mwenye nyumba mmoja alimjibu fundi, "Ya mbele tutayaona mbele." Fundi hakubishana naye. Aliivuta ngazi juu, akaiweka kando yake, akakaa.

Nilipoondoka alikuwa bado yuko huko.