Jina Lililozunguka Angani

Hapo zamani, wala si zamani sana maana ndege zilikuwepo, Masalu wa Mwanza alipata binti. Ukoo wao una desturi yake: mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke, na siku hiyohiyo shangazi atakayewahi kufika ndiye anayelitaja. Likishatajwa, halibadiliki.

Mashangazi walikuwa wawili. Minza, mkubwa, aliishi Dar es Salaam. Kwandu, mdogo, aliishi Bukoba. Kitovu kilidondoka alfajiri, naye Masalu akawapigia simu wote papo hapo, maana aliwajua dada zake, wangemtoa roho.

Minza akapanda ndege ya saa tatu. Rubani akatangaza: kilomita mia nane na ushei, mwendo wa saa moja na nusu. Minza akaegemea dirisha. Alikuwa na jina moja tu moyoni, Nkwimba, binti yake aliyefariki akiwa na miaka sita. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake, na hilo lilimuuma kuliko yote. Mawingu yakapita taratibu kama pamba iliyochambuliwa. Akasinzia, akazinduka, akaona ziwa, akaona mawe ya Mwanza, akaliona na bati la buluu la Masalu. Amefika!

Kumbe bado. Uwanjani mvua, ndege ikaambiwa isubiri. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Mara ya tatu ilipopita juu ya bati la buluu, Minza akaweka kiganja kwenye kioo, akanong'ona, "Nkwimba. Nkwimba, mwanangu."

Mvua ilipokatika, ndege ndogo ya Bukoba, iliyoondoka nyuma na kusafiri dakika arobaini tu, ikapewa nafasi itue kwanza kwa kuwa ilibeba mafuta kidogo, nayo yalikuwa yanaiishia. Kwandu alikuwemo.

Minza alipoingia nyumbani, alimkuta Kwandu amempakata mtoto, anamwita Holo. Holo ni jina la marehemu mama yao.

"Mdogo wangu," Minza akasema, "nilikuwa juu ya bati hili wewe ukiwa bado juu ya maji. Na nimetoka mbali kuliko wewe."

"Dada, angani si nyumbani. Mimi nimemshika. Tena nilimuuguza mama miaka mitatu peke yangu, nikamwahidi jina lake halitapotea."

Nyanzobe, mama wa mtoto, akainua uso. "Jamani mawifi, nilikuwa nimesinzia na mtoto kifuani, ndege inanguruma juu. Nikasikia mtu anaita Nkwimba. Mtoto akaacha kulia, akatulia kabisa. Na mimi jina hilo sijawahi kulisikia, nimeolewa hapa juzijuzi tu. Nkwimba ni nani?"

Minza akaangua kilio. Kwandu naye machozi yakamtoka, lakini hakumwachia mtoto.

Masalu amesimama kati ya dada zake tangu mchana, sasa jua linashuka, na wote wanamtazama yeye. Haya, nanyi mnaonisikiliza: kati ya hawa wawili, nani aliwahi kufika? Na mtoto aitwe nani?