Khanga za Bi Sikudhani

Bi Sikudhani alitaka kununua nyumba aliyopanga, tena kwa mwenyewe, Mzee Lukindo wa Morogoro. Dalali Machupa akacheka.

"Mama, nyumba zote za mtaa huu zinapita kwangu. Juu ya bei ya mzee naweka ya kwangu. Huiwezi. Anza kufunga vyombo."

Mzee alimjibu kwa simu, "Nimeshamwachia Machupa, mwanangu. Akikosa mteja mpaka Ramadhani iingie, njoo tuuziane wenyewe."

Machupa akaleta wateja. Wote waliipenda nyumba. Bi Sikudhani aliwakaribisha, akawaomba radhi kwa khanga zake zilizoanikwa ukuta mzima wa mbele.

Kama ilivyo kawaida ya wanunuzi, kila mmoja alirudi kimyakimya, peke yake, kuichunguza nyumba kabla ya kulipa. Baada ya hapo hakupokea tena simu ya Machupa.

Ramadhani ikaingia. Mzee na Bi Sikudhani wakaandikishana serikali ya mtaa, kwa bei ya mzee.

Machupa akaja amefura. "Umewaambia nini wateja wangu?"

"Sijasema na mtu, baba."

Bi Sikudhani akaanza kuanua khanga. Ukutani kukatokea maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. MATAPELI MKOME.

Machupa akaduwaa. "Mbona sikuwahi kuyaona?"

"Kila ukija, unakuta nimefua."

"Lakini huu ni uongo!"

Bi Sikudhani akaukunja upande wa mwisho, akautazama ukuta.

"Kwani inauzwa?"