Mjane na Popo wa Msituni

Tegeni masikio, jamaa zangu, niwape yaliyomkuta Mwatumu. Mjane huyu aliishi peke yake kando ya msitu wa kisiwani, na malalo ya popo akiyajua yeye tu.

Siku moja zimwi likafika uani. "Nina njaa, mama. Nionyeshe wanapolala popo, nikurudishie sauti ya mumeo."

Mwatumu akakataa. Likarudi. "Basi nikurudishie sauti yake na vishindo vya miguu yake?" Machozi yakamlenga, akakataa tena. Mara ya tatu akaja mume mwenyewe, amesimama mlangoni, kofia yake ile ile kichwani.

"Mwatumu wangu, lionyeshe tu. Popo ni kitu gani?"

Mwatumu akamtazama. "Mume wangu aliwapandia popo miti ya mikungu, wale matunda yake, ili wasihame. Wewe siye."

Pale pale mume akayeyuka, na zimwi likaenda zake na njaa yake.

Mwatumu akaingia msituni, akaketi chini ya mti wa popo. Walikuwa wamening'inia wote, wamejifunika mabawa, wamelala fofofo. Akalia kimya kimya, asije akawaamsha.