Bakuli na Mizani

Bakuli na mizani havikai mkeka mmoja. Mmecheka nilipomwambia hivyo Shaibu, aliyefungua duka la kinyozi na bado anawapigia wajomba zake simu za "nitumie ya vocha". Haya, mmeuliza asili yake, tulieni.

Methali hii ilianza hivi. Palikuwa na mtu pale stendi ya Korogwe akiitwa Sefu Kilindo. Mashine ya mkonge ilimla mguu, naye akatandika mkeka, akaweka bakuli, akawa ombaomba. Mkewe, Mwanaidi, alivumilia wee, mwisho akafunga nguo zake.

"Mguu haukunifukuza, Sefu," alimwambia. "Kula sadaka ndiko kulikonishinda. Siku utakapokula jasho lako, nitarudi." Akaenda kwao Handeni.

Maskini, Sefu alimpenda yule mwanamke! Kwa hiyo Bi Nambua alipoanza kuwafundisha ombaomba biashara katika ofisi ya kata, yeye ndiye aliyetangulia kufika. Alifundishwa kuchagua bidhaa, kutenga mtaji na faida, na kumtazama mteja usoni. Walipohitimu wakapewa mtaji mdogo. Sefu akanunua gunia la maharage na mizani.

"Na lile bakuli katupe," Bi Nambua akamwambia.

"Nitalitupa, mwalimu."

Hakulitupa ng'o! Alijiambia akiba haiozi, biashara ikilala atalihitaji. Akaliweka pale pale kwenye mkeka, kando ya mizani.

Mwanzoni aliuza vizuri, hata habari zikafika Handeni. Lakini Ijumaa moja mtu akadondosha sarafu bakulini, akapita. Sefu alipaswa kusema, "Bwana, chukua maharage yako." Lakini mdomo ukakimbilia mazoea: "Mungu akuzidishie." Basi ikawa ndiyo hiyo. Watu wakaona bakuli, wakatoa sadaka, maharage wakaenda kununua kwingine. Nani anunue chakula kwa ombaomba? Gunia likakaa mpaka likaanza kubunguliwa, na Sefu akarudia kuinamia bakuli lake.

Siku moja miguu ya mwanamke ikasimama mbele ya mizani. Ikasimama kitambo. Kisha sarafu ikalia bakulini.

"Mungu akuzidishie, mama," Sefu akasema, hata hakuinua uso.

"Mimi mama yako tangu lini, Sefu?"

Lo! Alikuwa Mwanaidi, na furushi la nguo kichwani.

"Mke wangu! Nauza maharage siku hizi. Tazama, mizani hii hapa!"

"Nimeiona. Nimesimama mbele yake, hukuniuliza nataka kilo ngapi."

"Hili bakuli ni la akiba tu, Mwanaidi. La siku mbaya."

"Bakuli na mizani havikai mkeka mmoja, mume wangu. Nilikuja kukaa." Machozi yalikuwa yakimtoka. Akageuka, akapanda basi lile lile lililomleta.

Sefu alilipiga bakuli chini, likapasuka vipande. Akashika mkongojo wake akalikimbilia basi, akiita kwa sauti. Basi lilikwisha kushika barabara.

Tangu siku ile hakupokea sadaka tena. Aliuza maharage, akafungua duka, akajenga nyumba ya bati. Alituma watu Handeni kumwita mkewe, wakarudi na jibu kwamba Mwanaidi alikwisha kuvunja ndoa kwa kadhi, ameolewa na mwingine. Mpaka anazeeka, Sefu alimtazama usoni kwanza kila mwanamke aliyeingia dukani, ndipo amuulize anataka kilo ngapi.

Shaibu, simu hiyo itie mfukoni, mteja wako anakungoja. Bakuli na mizani havikai mkeka mmoja.