Bega la Lam Khe

Siku ya tatu ya mwezi wa kumi, mwaka wa Mbuzi kwa kalenda ya wenyeji, ngome ya Lam Khe iliangukia mikononi mwa Wafaransa kati ya macheo na saa tatu asubuhi. Ndani yake walikuwamo askari elfu moja na mia mbili. Waliokuja kuitwaa hawakuzidi mia moja na hamsini, na walikuja kwa manowari tatu zilizopanda mto kutoka baharini. Hesabu hizo hakuna aliyezipinga.

Zama hizo Vietnam ilikuwa bado na mfalme wake, na Wafaransa walikuwa wakiimega nchi jimbo baada ya jimbo. Mkuu wa mizinga wa Lam Khe alikuwa Khuc Thac, mwana wa Khuc Luat mchonga mawe, mwana wa Khuc Bao aliyepasua miamba iliyojengea kuta za ngome hiyo. Watu walimwita Bega la Lam Khe. Inasimuliwa kwamba mzinga uliporomoka kutoka ukutani ukatumbukia katika handaki la maji linaloizunguka ngome, na nyati wanne wa kulimia wakashindwa kuuvuta. Thac aliingia majini mpaka kidevuni, akajitwika begani, akatoka nao, na tangu siku hiyo bega lake la kulia likawa na shimo ambamo yai la bata lingeweza kutulia. Uzito wa mzinga huo haukuandikwa popote. Shimo la bega liliguswa na wengi.

Ngome ilikuwa na malango manne, na kubwa lilikuwa la kusini, linaloelekea mtoni. Ni Thac, kabla ya mtu mwingine yeyote, aliyetambua kwamba milango ya mbao, hata ikiwa na unene wa shubiri mbili, haiwezi kustahimili mizinga ya manowari. Alimshauri liwali, mzee Vi Dang Hoe, kwamba njia iliyo nyuma ya milango ijazwe udongo mpaka darini, ili risasi za mizinga zikivunja mbao zikute mlima. Liwali alikubali. Vikapu vilisukwa, udongo ukachimbwa na kurundikwa kando ya lango, na watu mia nane wakaambiwa waweke tayari mizega yao, miti ya kubebea vikapu begani, mpaka manowari zionekane. Kazi ilikuwa ya siku moja na nusu.

Siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa tisa, mjumbe alileta habari kwamba manowari zimeonekana kwenye mlango wa mto. Jioni ya siku hiyohiyo mama yake Thac, Bi Man, alifariki dunia katika nyumba aliyoishi na mwanawe ndani ya ngome.

Desturi ya Lam Khe ilikuwa hivi. Mzee aliyefia ndani ya kuta hutolewa kwa lango kubwa, akazikwa nje, na kwa siku tatu njia aliyopita haizibwi, kwa sababu roho yake bado huenda na kurudi. Siku ya tatu watoto huenda kaburini na wali, maji na ngazi ndogo ya mianzi ya kupandia roho, wakamfungulia safari, na baada ya hapo njia inaweza kuzibwa. Bi Man aliijua desturi hiyo. Hata hivyo, alipokuwa akikata roho alimwambia mwanawe, "Nitoeni kwa lango la kaskazini, ni hapo tu. Msihangaike na lile kubwa, mna kazi nalo." Thac aliyasikia maneno hayo kama adabu ya mwanamke ambaye maisha yake yote alijichagulia kipande kidogo cha samaki. Hakuyachukulia kuwa ni amri.

Akaenda kwa liwali akiwa amevaa gunia la matanga na kamba kiunoni.

"Wewe ndiye uliyenisumbua mwezi mzima nilifukie lango," liwali alisema. "Leo unataka lisifukiwe. Niandike lipi?"

"Andika kwamba nimeomba siku tatu."

"Na Wafaransa nao niwaombe?"

Thac alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka sakafuni, na hapakuwa na mtu Lam Khe aliyewahi kuliona bega lile likiwa chini. Liwali mwenyewe alikuwa amemzika mama yake mwaka uliotangulia. Akaandika siku tatu.

Shemeji yake, Tu Quyen, naibu wa mizinga na mtu wa mzaha hata msibani, alimvuta kando. "Shemeji, huyu mama namjua. Alipokuwa bibi harusi alitoroka wakwe zake kwa dirisha la jikoni. Unadhani lundo la udongo litamzuia?"

"Nyamaza, Quyen."

"Nimenyamaza. Lakini hebu mwulize."

Mazishi yalifanyika siku ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kwa siku mbili watu mia nane walikaa kando ya rundo la udongo wakitafuna miwa, na mizega yao imelazwa chini, na hakuna hata mmoja aliyesema neno dhidi ya Thac, kwa kuwa kila mmoja angelitaka atendewe vivyo hivyo na mwanawe.

Macheo ya siku ya tatu Thac alikuwa kaburini. Alikuwa ameshaweka wali na maji, na mikononi ameshika ile ngazi ya mianzi, manowari ya kwanza ilipotokea kwenye kona ya mto ikapiga. Alikimbia. Lango lilifunguliwa kiasi cha kumwingiza, likafungwa, na pigo la nne likang'oa bawaba ya juu. Nyuma ya milango palikuwa patupu. Watu walianza kumwaga udongo kwa vikapu, kwa kofia, kwa mikono, na ulipofika magotini milango ikapasuka katikati.

Ndipo Thac alipochukua boriti ya kukomea lango, iliyohitaji watu sita, akaiweka katika lile shimo la bega, akaegemeza mbao zilizosalia na kuzizuia. Wasimuliaji husema alizizuia kwa muda wa sufuria mbili za wali kuiva. Wafaransa, katika taarifa yao, waliandika tu kwamba lango la kusini lilichelewesha kikosi. Katika muda huo wanawake, watoto na wazee walitolewa kwa lango la kaskazini. Quyen alipigwa risasi ya shingo akiwa kando ya shemeji yake, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mama ameshapita, achia sasa." Thac aliachia, akatoka kwa lango la kaskazini nyuma ya wengine. Liwali alikutwa amekufa ofisini mwake, na kofia ya cheo chake iko mezani mbele yake.

Watu mia tatu na kumi na wawili walimfuata Thac kwenye milima ya mawe, mwendo wa siku tisa. Huko alipasua miamba kama babu yake, akajenga matuta ya mpunga, akaligeuza bonde lisilo na njia kuwa kijiji. Walikiita kijiji cha Thac. Yeye alikataa jina hilo mpaka alipochoka kukataa. Katika nyumba ya mikutano walimtandikia mkeka wa juu. Naye akaketi mlangoni.

"Mimi ndiye niliyeliacha lile lango wazi," aliwaambia.

"Na sisi tulikaa tukitafuna miwa," alijibu mwanamke mmoja. "Njoo ukae."

Hakwenda. Aliwawekea sheria moja, nayo inafuatwa mpaka leo: maiti atoke kwa njia iliyo karibu, na walio hai wasimamishe kazi yoyote kwa ajili yake.

Mwaka wa tatu ulipotimia, ukawa wakati wa mtoto kuifukua mifupa ya mzazi, kuiosha na kuiweka katika sanduku la udongo wa kuchoma. Kaburi la Bi Man lilikuwa chini ya kuta zilizokuwa na bendera ya Wafaransa. Nhan, mke wake, alimkatalia. "Bega lako linajulikana mpaka na watoto wa sokoni. Watakukamata."

"Najua."

"Na yeye hakukuomba."

"Hata lile lango kubwa hakuniomba," Thac alisema. "Hili ni langu."

Nhan alimfungia wali katika jani la mgomba, naye akaondoka.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kinywa cha mtu mmoja, Dao Thi Lung, mwanamke aliyevusha watu kwa mtumbwi kwenye kivuko cha Ben Vac. Alisema kwamba asubuhi alikuja mtu mwenye bega lililobonyea, amekumbatia sanduku lililofungwa kwa kitambaa cheupe, na askari wakishuka mteremko nyuma yake. Alimpa Lung sanduku, akataja jina la mkewe na la bonde, akausukuma mtumbwi kwa mguu. Kisha akageuka, akawaendea askari huku mikono yake mitupu ikionekana. Lung hakusikia bunduki. Katika taarifa za Wafaransa za mwezi ule hakuna aliyetajwa kwa jina hilo.

Sanduku lilifika kijijini siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa Mbwa. Nhan alilizika siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri.