Ngoma ya Kuwapokea Wakaguzi

Afande Lubasha, mkuu wa gereza, alikuwa tumbo mbele, akili nyuma. Aliposikia wakaguzi wa kimataifa wanakuja kuangalia kama wafungwa wanateswa, aliwavisha wafungwa viatu vipya, akawaonya, "Atakayefungua kinywa, tutaonana naye wageni wakishaondoka."

"Hatusemi, afande," alijibu Nyamizi, mfungwa mwenye sura ya upole. "Ila wageni wa ng'ambo tuwapokee kimya kama msibani? Tuwachezee ngoma. Nawe ukae mbele, upigwe picha."

Lubasha alivimba kichwa, akakubali.

Siku ya siku, ngoma ilipolia, wafungwa walikanyaga hatua moja, wakaanguka kama magunia.

"Wavivu hawa," Lubasha alicheka, jasho likimtoka.

Wafungwa walinyamaza. Wakaguzi wenyewe walipiga magoti, wakawavua viatu, wakaziona nyayo zilizochanwa kwa fimbo.